Kikombe cha Maji cha Zurbarán

Mimi ni mchoraji wa kujaza, ndivyo nilivyofunzwa. Mafundi wangu wa Tingatinga pale Dar es Salaam walitumia rangi zilezile za kupakia baiskeli, na ubao haukutoka mkononi mpaka kila pembe imepata tembo, ndege, mbuyu, madoa juu ya madoa. Shule ile naiheshimu mpaka leo, maana ndiyo iliyonipa mkono.

Kilichonibadilisha ni picha ndogo iliyoko National Gallery, London, yenye upana wa sentimita 30 hivi. Aliichora Francisco de Zurbarán wa Hispania, mnamo mwaka 1630 hivi. Kikombe cheupe chenye vishikio viwili, kina maji, kimewekwa juu ya sahani ya fedha. Pembeni mwa sahani limelazwa waridi. Nyuma ni giza. Basi.

Sogea karibu. Waridi limejirudia kwenye sahani, wekundu hafifu uliotua juu ya fedha, na usipotulia unaupita. Weupe wa kikombe nao si mmoja: upande wa mwanga unang'aa, upande wa pili umeingia kijivu polepole, wala huoni brashi ilipobadili rangi.

Wengi huyahusisha maji yale na waridi lile na Bikira Maria. Mimi ni Mwislamu, na kilichonishika ni adabu ya mchoraji: amekikalisha kikombe cha maji kama mgeni wa heshima, asimwekee mtu wa kumkatiza. Mwaka 1633 Zurbarán alichora tena kikombe na waridi kwenye sahani, safari hii kando ya kikapu cha machungwa, katika picha iliyoko Pasadena, Marekani. Ni kazi kubwa, lakini naipenda zaidi hii ya London, kwa sababu hapa maji hayashindani na kitu.

Tangu hapo nachora kitu kimoja kimoja. Sasa ni kata ya kifuu juu ya mtungi. Natumia rangi za mafuta zinazochelewa kukauka, niweze kulainisha ukingo ungali mbichi, na ukingo mmoja hunila asubuhi nzima. Mteja aliniuliza nyuma ya kata nitaongeza nini. Nikamwonyesha ile kahawia: tabaka juu ya tabaka, nayo imenichukua muda kuliko kata yenyewe.