Hesabu Haisomwi Usiku Mmoja

Huku kwetu Sange, katika Bonde la Ruzizi, kiangazi kina dalili zake. Mvua zakoma, vumbi laanza kufunika majani ya migomba kando ya barabara iendayo Uvira, na vijana wa darasa la mwisho la sekondari waonekana na daftari mkononi hata wanapokwenda kuteka maji. Hapo kila mtu ajua ya kuwa Mtihani wa Taifa umekaribia. Baba hununua kalamu mpya, mama huomba Misa. Na katika masomo yote, hesabu ndiyo iogopwayo zaidi.

Mimi nafundisha hesabu hiyo. Kila mwaka naulizwa swali lile lile: “Mwalimu, nifanye nini ili nipate pointi nyingi?” Nimeona vema nijibu kwa maandishi, ili hata mzazi asiyesoma sana aweze kumsaidia mtoto wake.

Kwanza tukumbuke mlango huu umetoka wapi. Zamani za Wabelgiji vijana wa Kongo waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno. Chuo cha Lovanium, kilichoanzishwa na Wakatoliki karibu na Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Na kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1956. Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mtihani wa Taifa ulianza mwaka 1967, na tangu hapo mtu hawezi kuingia chuo kikuu bila dipoloma yake. Apataye 50 kwa mia amefaulu. Lakini vyuo hutazama pia ni kwa kiasi gani amefaulu, na vingine huongeza mtihani wao wenyewe. Mtoto wa Sange asomaye kwa taa ya simu ajibu maswali yatokayo Kinshasa, sawa na mtoto wa Kinshasa mwenye umeme. Si jambo rahisi. Lakini ndiyo njia iliyopo, nasi yatupasa kuipita kwa akili.

Katika mtihani huo mwanafunzi haandiki maelezo marefu ya hesabu yake. Chini ya swali apewa majibu kadhaa, kwa kawaida matano, naye achague moja. Kwa sababu hiyo wengine hudhani kwamba bahati yatosha. Haya, tuipime bahati hiyo kwa hesabu yenyewe. Tuseme maswali ni 20, kila moja lina majibu 5, na kufaulu ni kupata 10. Abahatishaye yote, kwa wastani atapata 4. Katika watu 1000 wafanyao hivyo, watakaofika 10 ni kama 3 tu. Lakini yule ajuaye kwa hakika maswali 6, akabahatisha 14 yaliyobaki, nafasi yake ni kama 3 katika 10. Na ajuaye 8 kwa hakika, nafasi yake yapita 7 katika 10. Tazameni: maswali mawili tu ya kujua kweli, nayo yamembadilisha mtu kabisa. Basi bahati nayo humfuata yule aliyejitayarisha.

Sasa nitasema jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Majibu yale manne ya uongo hayakutupwa pale ovyo. Kila moja lina mama yake, na mama huyo ni kosa linalojulikana. Mtunga maswali ajua watu hukosea wapi, naye huweka jibu lake pale pale, kama mtegaji awekaye mtego kwenye njia ya panya. Chukua mfano huu. Bei ya mfuko wa mpunga ilipanda 20 kwa mia, kisha ikashuka 20 kwa mia. Bei ya sasa ikoje, ukiilinganisha na ile ya kwanza? Majibu ni haya: ni ile ile, imepungua 4 kwa mia, imeongezeka 4 kwa mia, imepungua 20 kwa mia, hakuna jibu la kweli kati ya haya.

Mwenye haraka ataandika “ni ile ile”, kwa maana 20 imepanda na 20 imeshuka. Lakini fanya kazi kwa kalamu. Ikiwa bei ilikuwa 100, ilifika 120. Ishirini kwa mia ya 120 si 20, ni 24. Toa 24 katika 120, inabaki 96. Bei imepungua 4 kwa mia. Aliyechagua “ni ile ile” hakukosa kwa ujinga. Alisahau kuuliza: ishirini kwa mia ya nini? Na mtego ulikuwa ukimngoja hapo.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, nami naliweka juu ya yote, ni hili: uwe na daftari la makosa. Chukua maswali ya miaka iliyopita, yale yauzwayo katika vitabu vidogo au yaliyohifadhiwa shuleni. Usiyakariri, uyafanye. Ukikosa, andika swali, andika namna ulivyokosa, andika sababu, kisha andika njia iliyo sawa. Kanisa latufundisha kutafuta dhambi moyoni kabla ya kuungama. Mtu asemaye tu, “Padre, mimi ni mkosefu,” bila kujua amekosa nini, atawezaje kujirudi? Vivyo hivyo mwanafunzi asemaye, “Hesabu ni ngumu,” hajasema neno bado. Aseme ni hesabu ipi, na mstari upi.

Binti mmoja wa darasa langu, aliyekuwa akiuza mihogo sokoni pamoja na mama yake, alishika daftari hilo kwa miezi miwili. Siku moja tuliketi tukayahesabu makosa yake. Yalikuwa 60. Kumbe 37 kati yake yalikuwa kosa moja tu: alama ya kutoa mbele ya mabano. Kila alipoyafungua mabano, alibadili alama ya kwanza na kuisahau ya pili. Binti huyu alikuwa amekwisha kujiita mjinga wa hesabu, na nyumbani walikuwa wameanza kumwita hivyo. Lakini hakuwa mjinga. Njiani mwake palikuwa na shimo moja, naye alitumbukia humo kila siku. Kwa majuma matatu akafanya mabano tu, asubuhi na jioni, hata shimo likafukiwa.

Shauri la pili: jaribu kila jibu kwa namba ndogo. Wengi huandika kwamba (x + 3) ikizidishwa kwa yenyewe yatoa x² + 9. Weka 2 mahali pa x. Upande mmoja wapata 5 mara 5, yaani 25. Upande wa pili wapata 4 na 9, yaani 13. Basi si kweli. Jibu ni x² + 6x + 9, nalo ukilijaribu latoa 4 na 12 na 9, yaani 25. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, nayo yaweza kukuokoa mara nyingi.

Shauri la tatu: ilete hesabu nyumbani. Vijana huogopa kile tukiitacho shuleni derive, kwa kuwa wamekijua kama herufi tu ubaoni. Mimi huwaambia watazame mto wetu. Ziwa Kivu liko kama meta 1460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika kama meta 770. Ruzizi hushuka basi karibu meta 690, katika safari ya kilometa 117 hivi. Gawanya, utapata karibu meta 6 kwa kila kilometa. Huo ni wastani. Lakini nani wa Sange asiyejua kwamba mto haushuki hivyo? Huko juu, kutoka Bukavu mpaka karibu na Kamanyola, hupita mabonde membamba na kuanguka kwa nguvu, ndiyo maana mabwawa ya umeme yalijengwa huko. Huku kwetu tambarare hutembea polepole na kujipinda-pinda. Wastani hukuambia habari ya safari nzima. Derive hukuambia mteremko wa pale pale uliposimama. Aliyelielewa jambo hili kwa mto hatalisahau mbele ya karatasi.

Na siku ya mtihani yenyewe? Fanya kwanza maswali uyajuayo, yale magumu yangoje. Usikae nusu saa juu ya swali moja kana kwamba limekutukana. Andika hesabu yako kwenye karatasi ya kujaribia, usiifanye kichwani.

Sasa nije kwenye jambo chungu. Mwaka mmoja, juma moja kabla ya mtihani, mzazi alinijia jioni.

“Mwalimu,” akasema, “kuna mtu ameniahidi majibu yote. Yatakuja kwa simu usiku wa kuamkia mtihani. Lakini ataka fedha sasa. Nimefikiri kuuza mbuzi.”

“Baba, mbuzi huyo ulimweka kwa kazi gani?”

“Ni minervali ya mdogo wake.”

“Basi sikiliza, Baba. Majibu hayo yakiwa ya uongo, mtoto wako atapata chini ya yule abahatishaye, na mdogo wake atafukuzwa shule. Yakiwa ya kweli, atavuka mlango wa chuo bila kujua kitu, na huko mbuzi wengine utawatoa wapi?”

Akafikiri, kisha akasema neno lililonigusa: “Lakini Mwalimu, wengine wakinunua, wakampita mwanangu aliyesoma kwa haki?”

Swali hilo ni la kweli, nami sikutaka kulifunika kwa maneno matamu. Nikamjibu: “Yawezekana watampita kwenye karatasi. Lakini mmoja wao atakuwa muuguzi, naye atapaswa kugawa dawa kwa kadiri ya kilo za mtoto mgonjwa. Labda mtoto huyo ni mjukuu wako. Je, wataka ashikwe na mkono upi?”

Akanyamaza kitambo. Mbuzi hakuuzwa.

Bwana wetu alitoa mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi. Watano walikuwa na mafuta ya taa, watano hawakuwa nayo. Usiku wa manane wale wasio nayo wakataka kugawiwa, wasigawiwe. Zamani niliona wale wenye busara kuwa wachoyo. Sasa nafahamu ya kuwa mafuta hayo hayagawanyiki. Rafiki aweza kukupa kalamu, na chakula, na hata shati lake. Kujua kwake hawezi kukumiminia usiku ule. Aliweza kukufundisha miezi sita iliyopita.

Tena mafuta hayo hayaporwi. Mwezi wa Desemba 2025 vita vilipofika katika bonde letu, watu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi. Wengi waliacha nyumba, mpunga na vitabu. Lakini aliyejua kufungua mabano alivuka nayo kichwani, na hakuna askari wala mwizi aliyeweza kumnyang'anya.

Basi, enyi vijana, msingoje kiangazi. Swali moja kila siku, kwa siku 200, ni maswali 200. Na yule ayafanyaye 200 katika juma la mwisho huchoka tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi, hata kama hamkusoma hesabu, kazi yenu ipo. Mtoto akirudi jioni, msimwulize tu, “Leo umepata ngapi?” Mwulizeni, “Leo umekosa wapi, na kwa nini?” Akiweza kuwaeleza, mshukuruni Mungu, maana amekwisha kupiga hatua.