Kabla Hujalaumu Mtandao, Angalia Taa za Ruta

Wasee, hii stori inanichoma, lakini wacha niiseme yote.

Mwaka jana nilienda Homa Bay kumrekodi dani. Dani hakumbuki mambo kama zamani. Leo atakutajia kila boti ambayo babu aliwahi kuvulia samaki, kesho atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kwa hivyo nilikaa naye siku mbili mlangoni kwake, kamera kwa tripodi, yeye na kikombe chake cha chai, akaongea. Nilitoka na memori kadi tatu, karibu GB 180. Nikapanda matatu hadi Rongo, nikaunganisha ya Migori, kadi ziko kwa mfuko wa shati kama kitambulisho.

Migori nimepanga chumba kimoja, ndicho ofisi na ndicho kitanda. Kazi zangu zote nahifadhi kwa kisanduku chenye diski mbili, kimechomekwa kwa ruta. Watu wa IT wanakiita NAS. Ijumaa asubuhi nikaanza kukopi. GB 30 zikaingia, ikakata. Nikaanza tena, ikafika 50, ikakata. Nikaanza tena. Siku nzima hivyo.

Nikafanya kile sisi wote hufanya: nikalaumu intaneti. Si tumezoea? Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika huko baharini karibu na Afrika Kusini, Kenya nzima video zilikuwa zinazunguka tu. Tangu siku hiyo, kitu chochote kikikwama tunasema "network ni mbaya" na tunaendelea na maisha.

Lakini fikiria kidogo. Kisanduku kiko mita mbili kutoka kwa laptopu. Faili inatoka kwa laptopu, inapita kwa ruta, inaingia kwa kisanduku. Haifiki hata barabarani. Ningekuwa sina bando hata moja, bado ingefaa kuingia. Hiyo sikuifikiria Ijumaa. Jioni nilipoona majina ya faili zote yako kwa folda, na ukubwa unalingana, nikasema imeisha. Nikafuta kadi ya kwanza, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na harusi ya kushuti na deposit nilishakula.

Jumapili nikafungua faili ya dani ya siku ya kwanza. Haikufunguka. Kumbe programu nyingi za kukopi hutenga nafasi yote ya faili kabla ya kuijaza, kwa hivyo ukubwa unaweza kukudanganya. Na kamera nyingi huandika ile orodha ya kuonyesha picha na sauti ziko wapi mwishoni kabisa mwa video. Kopi ikikatika kabla ya mwisho, una gunia la data lisilo na mlango. Na kwa kadi, harusi ya watu ilikuwa imekaa juu ya sauti ya dani.

Hapo ndipo nilianza kutafuta shida kwa akili, si kwa hasira. Nilibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Kwanza nikaacha waifai, nikatumia waya. Bado ikakata, kwa hivyo si waifai. Nikabadilisha waya. Bado. Kisha nikafungua dirisha la amri nikaacha ping inaendelea kwenda kwa kisanduku wakati wa kukopi. Ping ikiendelea na kopi ikakwama, shida iko kwa diski au kwa programu. Zote zikifa pamoja, shida iko njiani. Zilikufa pamoja. Nikaandika saa: 4:10, 4:50, 5:35. Usiku, hakuna hata moja.

Mchana kuna nini ambacho usiku hakuna? Jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti. Akianza kazi, balbu yangu inafifia nusu sekunde. Laptopu ina betri, haisikii. Kisanduku nilikinunulia UPS kwa sababu diski ni pesa. Lakini ruta, kile kidude nilichopewa bure, ilikuwa kwa ekstensheni ya kawaida. Stima ikicheza inazima, inawaka tena, dakika mbili inajipanga. Sikuwahi hata kuangalia taa zake.

Nikahamisha plagi moja hadi kwa UPS. GB 180 zingepita bila kukata. Dawa ilikuwa bure, na ilikuwa hapo Ijumaa yote.

Nilirudi Homa Bay. Nikamwambia dani ukweli, nikamwomba anisimulie tena ya siku ya kwanza. Akacheka, akasema, "Nyakwara, si nilikuambia yote?" Akarudia mengi. Lakini majina ya boti yalikuwa matano mara ya kwanza. Safari hii alitaja matatu, akanyamaza, akaangalia ziwa. Sikumsukuma.

Sasa maoni yangu. Sisi tunaorekodi tunasifiwa kwa kamera, kwa drone, kwa kuedit. Kuhifadhi hakuna anayekusifia, kwa hivyo tunakufanya haraka haraka. Na "network ni mbaya" imekuwa kisingizio cha kutofikiri.

Kwa hivyo: weka ruta kwa UPS. Tumia programu inayojua kuendelea ilipoachia, kama rsync, ambayo iko tangu 1996, au robocopy kwa Windows ukiweka /Z. Usifute kadi siku hiyo hiyo, hata ukiwa na harusi kesho. Azima kadi ya rafiki.

Na leo usiku, kabla ulale, chagua video moja ya mtu unayempenda kwa backup yako. Ifungue, uiangalie hadi mwisho. Isipofunguka, ni heri ujue leo, mwenyewe akiwa bado anaweza kukusimulia tena.