Hati Isilale Sandukuni: Wosia kwa Wajukuu Zangu

Bismillahi.

Wajukuu zangu wa Kisauni na Likoni, na ninyi mlio Doha na Dubai mnaotuma pesa kila mwisho wa mwezi mkitumaini kuja kujenga kwenu,

Nawaandikia ningali na akili timamu na macho yanayosoma. Mambo ya swala, ya kuunga undugu na ya kumtunza bibi yenu nimekwisha kuwaambia kwa kinywa, na sina wasiwasi nanyi. Hili la leo nimeona niliandike kwa sababu ni la karatasi, na mtalihitaji siku ambayo sitakuwapo kuulizwa. Ni habari ya ardhi: nani ameandikwa kuwa mwenyewe, na nani anadaiwa kodi yake. Hapa Mombasa nimeona familia nyingi zikipoteza viwanja. Wako walionyang'anywa kwa nguvu, lakini wengi walipoteza kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia kilichoandikwa.

Mkitaka kuelewa kwa nini pwani yetu imejaa watu wenye nyumba wasio na ardhi, anzieni mwaka 1908. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi ikaitumia huku pwani. Aliyedai shamba au kiwanja alitakiwa afike mbele ya ofisa wa kuandikisha hati, alete ushahidi, apimiwe, ndipo apewe cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai, au ambayo dai lake halikukubaliwa, ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Wenye elimu ya makaratasi na wenye mawakili walifika wakaandikwa. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na jina la mtu mmoja, walibaki nje ya kitabu juu ya mashamba waliyoyalima wao na babu zao. Ndiyo sababu moja kubwa ya mitaa tuliyo nayo leo, nyumba yako na ardhi ya mwingine, unamlipa mwenye ardhi kila mwezi kwa kukaa juu yake, na siku yoyote anaweza kukuambia uondoke. Sheria ile ilikuwa dhuluma, na wenye haki hawajalipwa mpaka leo. Lakini ninyi mmezaliwa wakati ambapo kitabu kinasomeka na kila mtu. Msikiache kifungwe.

Vitabu vyenyewe ni viwili, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Cha kwanza ni rejista ya ardhi, kilicho mikononi mwa msajili wa ardhi, naye ni wa serikali kuu. Hicho ndicho kinachosema nani mwenye mali. Cha pili ni daftari la kaunti la uthamini wa viwanja, na hicho kinasema nani atoe kodi ya ardhi, hii tunayoiita reti, na kiasi gani. Vitabu hivi havizungumzi vizuri. Unaweza kukuta rejista ina jina la mnunuzi wa juzi na kaunti bado inamwandikia bili marehemu. Na msidanganyike na risiti. Kulipa reti ya kiwanja miaka nenda miaka rudi hakukufanyi mwenyewe ikiwa jina lako halimo katika rejista. Nimewajua watu wenye furushi la risiti za kaunti lililofungwa kwa uzi, wakifikiri ndiyo hati yao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni upekuzi rasmi, ile serchi inayotajwa na kila dalali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu yeyote kuomba. Unajaza fomu, unaandika namba ya kiwanja, unalipa ada, unapewa cheti chenye saini na muhuri wa msajili. Nairobi ilitangulia kuhamishiwa kwenye mfumo wa Ardhisasa wa mtandaoni mwaka 2021, nako ombi hufanywa kwa simu au kompyuta. Njia yoyote mtakayotumia, fanyeni wenyewe. Cheti alichokuletea dalali mkononi ni karatasi ya dalali.

Isomeni namba polepole. Ardhi ya Mombasa ina desturi yake ya kuandikwa. MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini, na kisiwani viwanja vingi huandikwa kwa Block. Namba ya Kirumi inayofuata ni ya sehemu, na tarakimu za mwisho ni za kiwanja chenyewe. Hati za zamani zina pia herufi CR na namba yake, ambayo ni ya masjala ya pwani. Sasa tazameni: MN/I na MN/II zimetofautiana kijistari kimoja tu, lakini ni sehemu mbili mbalimbali kabisa. Mtu akikosea hapo, ataletewa cheti safi cha kiwanja ambacho si chake.

Rejista ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ukubwa wake, na kama ni milki huru au ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa. Ikiwa ni ya miaka, tafuteni mwaka ilioanza mhesabu iliyobaki, kwa sababu kuna wanaouza kiwanja kilichobakiza miaka michache kwa bei ya kiwanja kipya. Ya pili inaeleza wenyewe, wa sasa na waliotangulia, na tarehe walizoandikwa. Ya tatu inaeleza mizigo, yaani rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai, amri ya mahakama. Watu husoma jina wakafunga karatasi. Someni ya tatu kwanza.

Na hata hapo msitulie. Mnalijua shauri la Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, lililomalizwa na Mahakama ya Upeo mwezi Aprili 2023. Kilikuwa kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni ile ilikuwa na hati, na jina lake lilikuwa katika rejista. Kaunti ikabomoa ukuta ili watu wapate njia ya kwenda pwani, ikisema pale ni mahali pa umma. Mahakama ilifuatilia kiwanja kile mpaka mwanzo wake, ikakuta kwamba kilikuwa ardhi ya umma iliyogawiwa mwaka 1989 kwa aliyekuwa Rais wakati huo, Daniel arap Moi, bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Kwa kuwa ugawaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, hati zilizofuata zote hazikuwa na pa kusimama, na mnunuzi wa mwisho hakuweza kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Someni hukumu ile mkipata nafasi. Inawahusu hasa ninyi mlio Ghuba, ambao mnaambiwa kwa simu kwamba "hati ipo, serchi ni safi". Ulizeni: aliyeandikwa wa kwanza alipewa na nani, na kwa barua gani? Kiwanja kilichokatwa penye njia ya umma, uwanja wa shule, makaburi au ufuko kina ugonjwa tangu kuzaliwa, na hakuna idadi ya wauzaji itakayokiponya.

Nirudi kwenye kodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya ya kitaifa ya reti kuchukua mahali pa zile za tangu ukoloni. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mthamini anaandika thamani ya kiwanja, kaunti inatangaza asilimia, unazidisha. Desturi ya miji yetu imekuwa kuthamini ardhi tupu bila jengo, na ndiyo maana mwenye ghorofa sita na jirani yake mwenye banda la mabati wakiwa na viwanja sawa huletewa bili sawa. Wako wanaoona hilo ni uonevu. Mimi naona lina faida yake, kwa sababu anayejenga haadhibiwi kwa kujenga, na anayekalia kiwanja kitupu katikati ya mji akingoja bei ipande hapati nafuu. Lakini linamwumiza mjane mwenye nyumba ya udongo mahali ambapo bei ya ardhi imeruka, na huyo anastahili kuhurumiwa kwa sheria.

Msibabaishwe na asilimia peke yake. Nairobi ilikuwa ikitoza asilimia 34 ya thamani iliyoandikwa katika daftari la mwaka 1982. Lilipoletwa daftari jipya, kiwango kikashushwa mpaka asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Aliyesikia tu kwamba kiwango kimeshuka alishangilia, na aliyesikia tu kwamba thamani imepanda alilia. Chukueni kalamu. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 100,000 katika daftari la zamani kilidaiwa 34,000 kwa mwaka. Kikiandikwa milioni 30 katika jipya, kitadaiwa 34,500. Karibu ni yale yale. Lakini jirani yake aliyeandikwa milioni 60 bili yake itakuwa maradufu, na huyo ndiye anayepaswa kuamka mapema akaulize mthamini alitumia kipimo gani.

Makosa yenyewe huwa madogo kwa macho. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.0465. Karani akiruka sufuri moja akaandika 0.465, umethaminiwa ardhi mara kumi ya uliyo nayo, na kompyuta haitakushtukia. Linganisheni ukubwa ulio kwenye bili na ule ulio kwenye ramani ya upimaji. Tazameni pia matumizi yaliyoandikwa, kama ni makazi au biashara. Daftari jipya likitangazwa, huwekwa wazi watu walikague, na muda wa kupinga ni mfupi. Sheria ya zamani ilitoa siku 28 tu. Muda ukipita, thamani ile itakaa juu yenu miaka mingi. Makelele ya barazani na kwenye simu hayahesabiwi. Andikeni pingamizi, mkabidhi, mpigiwe muhuri kwenye nakala yenu.

Mengine kwa ufupi. Msikiti na makaburi vimekuwa vikisamehewa reti, lakini msidhani kila mali ya wakfu imesamehewa. Nyumba inayokaliwa na wapangaji ni makazi, hata kama pesa yake inaendesha madrasa. Mnaonunua kipande cha shamba lililogawanywa, ulizeni deni la namba mama, yaani namba ya shamba zima, kabla ya kutoa arubuni. Reti isiyolipwa huifuata ardhi hata kama haikuandikwa katika rejista, na msajili hatahamisha jina bila cheti cha kaunti kwamba hakuna deni. Kaunti hutangaza mara kwa mara msamaha wa riba kwa anayelipa deni la msingi. Msingoje tangazo hilo kwa reti ya mwaka mpya, ila likija mkiwa na deni la zamani, likimbilieni. Na kwa ardhi ya kukodishwa kuna kodi nyingine ya kila mwaka inayokwenda serikali kuu. Risiti ya kaunti haiifuti hiyo.

La mwisho ni mirathi, na hapa naomba mnisikilize kwa moyo. Nusu ya mashauri ya ardhi ninayoyajua mtaani yalianza kwa jina la marehemu kuachwa katika rejista. Watoto wakagawana kwa maneno, huyu huku na yule kule, wakajenga, wakazaa, na kodi ikawa si ya mtu. Wakatokea wajukuu wasiojuana, akatokea na mgeni mwenye karatasi. Nendeni kwa Kadhi, mpate hukumu ya mirathi na mafungu yenu, mabinti wapewe haki yao kama Mwenyezi Mungu alivyoipanga bila kuambiwa "sisi tutakuangalia", kisha hukumu ile mwipeleke kwa msajili iandikwe. Kisha mpeleke kaunti majina mapya, ili bili ije kwa aliye hai.

Nikiondoka, kabla hamjakaa kugawana, mmoja wenu aende akaombe upekuzi wa kiwanja cha Kisauni na mwingine achukue kaunti taarifa ya deni. Ziwekeni karatasi mbili hizo mezani, bibi yenu akiwapo, msome namba, ukubwa, majina na mizigo kwa sauti. Mlio mbali wapigieni simu wasikie. Hati iko kwa mama yenu mkubwa pamoja na ramani. Reti ya mwaka huu nimelipa, risiti nimeitia ndani ya hati. Ya mwaka ujao lipeni ninyi.