Kamba ya Kushika na Kamba ya Kuachia

Ukifika Rwamgasa, sauti ya kwanza utakayosikia ni ya makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Vumbi limekaa juu ya mabati ya nyumba. Rwamgasa, ambayo wengine huiandika Lwamgasa, ni kijiji cha wachimbaji wadogo katika Wilaya ya Geita. Zamani Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 Geita ni mkoa kamili.

Leo hatutazungumza habari za dhahabu. Tutazungumza habari za kamba.

KAMBA YA DUARA

Sogea karibu na shimo, lakini usisogee sana. Wachimbaji huliita duara. Juu yake gogo limelazwa kwenye nguzo mbili. Kila upande lina mkono wa kuzungushia. Kamba imezungushwa kwenye gogo hilo, na ncha yake imeshuka gizani.

Watu wawili wanazungusha. Kiroba cha mawe kinapanda polepole. Chini kabisa yupo mwenzao. Je, wakiachia mikono yao, nini kitatokea? Kiroba kitamrudia mwenzao kichwani.

Kwa hiyo kamba ya duara haiachiwi. Ni kamba ya kushika. Gogo lake lazima liwe na kizuizi imara, ili mvutaji akichoka au akiteleza, mzigo usimame pale pale.

SAFARI YA ZIWANI

Sasa twende ziwani. Watu wengi wa Geita wanajua kazi zaidi ya moja. Wapo wanaolima, wakachimba, na duara likinyamaza wakaenda kuvua.

Unapanda gari kutoka Rwamgasa mpaka Katoro. Kutoka Katoro unakwenda mjini Geita. Kisha unashika njia ya Nzera mpaka Nkome. Hapo utaliona Ziwa Victoria.

Nkome utasikia neno unalolijua: mwalo. Kwenye machimbo, mwalo ni mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Ziwani, mwalo ni mahali pa kuegesha mashua na kushusha samaki. Neno ni moja, kazi ni mbili. Kamba nayo iko hivyo hivyo.

Siku hizi mashua nyingi zina mashine. Lakini mashine hunywa mafuta, na upepo ni wa bure. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mvuvi mwenye tanga huondoka na upepo wa kwanza na kurudi na upepo wa pili.

Tanga si jambo geni katika ziwa hili. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alilizunguka kwa mashua iliyoitwa Lady Alice. Wapagazi walikuwa wameibeba vipande vipande, kwa miguu, kutoka Bagamoyo.

KAMBA TATU ZA TANGA

Itazame mashua kuukuu yenye tanga la pembe tatu. Hesabu kamba zake kubwa.

Ya kwanza huinua foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Kamba hiyo hupita kwenye kapi juu ya mlingoti, kisha hushuka ndani ya mashua. Mabaharia wa pwani huiita henza.

Ya pili hufunga pembe ya mbele ya tanga, karibu na omo. Pembe hiyo huitwa goshi.

Ya tatu imefungwa kwenye pembe ya nyuma. Hiyo ni demani. Ukiivuta, tanga hushika upepo. Ukiilegeza, upepo humwagika.

Wewe wa Rwamgasa utauliza habari za kapi. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi uzito. Linageuza njia ya kamba tu, ili uvute kwenda chini na mzigo upande juu. Ukiongeza kapi la pili linalopanda pamoja na mzigo, nguvu unayotumia hupungua karibu nusu. Lakini hakuna cha bure. Ili mzigo upande mita 1, utavuta kamba mita 2.

MKONO WA DUARA NDANI YA MASHUA

Sasa fikiri umepata kazi katika mashua hiyo. Unamwamkia nahodha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?”

“Rwamgasa, kwenye maduara.”

“Basi sikiliza vizuri. Kule walikufundisha kutoachia. Hapa utajifunza kuachia.”

Anakupa demani uishike. Kwa saa nzima mambo ni mazuri. Kisha wingu jeusi linatokea na upepo unapiga ghafla. Kamba inakuvuta mkono. Mkono wako wa duara unataka kufanya nini? Unataka kufunga fundo.

Ukifunga, upepo hauna pa kutokea. Unalisukuma tanga, tanga linavuta mlingoti, mashua inalala ubavu na maji yanaingia. Fundo likishavutwa namna hiyo halifunguki tena.

Ukiachia, tanga linapigapiga kama nguo iliyoanikwa. Linatisha kwa kelele, lakini mashua inasimama tena. Halafu unavuta kidogo kidogo.

Ndiyo maana katika mashua ndogo demani haifungwi fundo. Izungushe mara moja kwenye kigingi ili ikupunguzie uzito, na ncha yake uishike mkononi.

KUPANGA KAMBA ZA MASHUA KUUKUU

Ukitaka kupanga upya kamba za mashua ya zamani, fanya hivi:

1. Kila kamba iwe na mahali pake, siku zote pale pale. Gizani mkono uipate bila taa.

2. Henza na demani zisigusane wala kupishana. Kamba mbili zikijisokota, hakuna hata moja itakayokimbia.

3. Fuata kamba kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Inapokwaruza mbao au chuma, sogeza kapi au lainisha mbao. Kamba hukatikia pabovu.

4. Fungua kidogo nyuzi za kamba utazame ndani. Kamba ya katani huoza ikikaa na maji. Kamba ya manila ya plastiki huharibiwa na jua, ikawa ngumu na kutoa unga.

5. Henza ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, ili tanga lishushwe upesi.

6. Usikae wala kusimama juu ya kamba iliyokunjwa. Ikikimbia itakushika mguu.

7. Weka kisu karibu, na kila mtu avae jaketi la kuokolea.

Ukirudi Rwamgasa, rudi na mafunzo hayo. La tatu na la nne yanaifaa kamba ya duara vile vile. Mkaguzi wa kwanza ni wewe unayevuta, maana maisha ya mwenzako yako kwenye mikono yako.

Ndugu msomaji, kesho kabla hujashika kamba ya kazi, jiulize maswali mawili. Je, nikiiachia kamba hii nani ataumia? Je, nikiing'ang'ania nani ataumia? Ukiwa duarani, jibu la swali la kwanza ni mwenzako aliye chini. Ukiwa ziwani na demani mkononi, jibu la swali la pili ni ninyi nyote mliomo ndani ya mashua.