Tangu Lini Chumvi Ikaoza?

Wiki tatu sijaandika kitu, mniwie radhi. Kwanza ilikuwa programu ya mteja iliyonikosesha usingizi, kisha nikaitwa nyumbani, Asembo Bay, kwa jambo la samaki.

Mama yangu hununua mbuta ufukweni, akampasua, akamtia chumvi na kumwanika, kisha humuuzia mama mmoja wa Kisumu. Safari hii mnunuzi alifungua gunia akakuta nyama imekuwa nyekundu kama iliyopakwa rangi, inateleza na kunuka. Akakataa kulichukua. Shilingi 14,000 zikapotea hivyo, na zilikuwa karo ya mdogo wangu.

"Nyathina, si wewe umesoma?" mama akaniuliza. "Tangu lini chumvi ikaoza?"

Sikuwa na jibu. Digrii yangu ni ya kompyuta, na sisi watu wa ziwani tumekulia kwenye maji baridi; chumvi tunaijua kwa kazi moja tu, kuzuia uozo. Lakini kazi yangu imenifundisha jambo moja: programu ikifanya usichotarajia, kuna kitu unachokiamini ambacho si kweli. Usiku ule nikafungua kompyuta nikitafute.

Kisicho kweli kilikuwa hiki: kwamba chumvi nyingi huua kila kiumbe. Ile rangi nyekundu ni viumbe hai vyenyewe, jamaa ya Halobacterium. (Jina linapotosha. Si bakteria, ni akea, ukoo mwingine kabisa.) Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja ya maji. Hawa wanataka gramu 150 au zaidi, la sivyo hawakui. Chumvi ya mawe inayotokana na maji ya bahari yaliyoanikwa juani, popote duniani, huweza kuja nao ndani ya punje zake. Mama hakukosea popote. Alinunua chumvi, akauziwa na wapangaji wake.

Wanaishije humo? Kwa kawaida chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli mpaka inakauka, ndiyo maana samaki wa chumvi hukaa. Wao wamejaza seli zao potasiamu nyingi mno, ili ndani kulingane na nje, na protini zao zimeumbwa kufanya kazi katika hali hiyo hiyo. Sasa hawawezi kurudi nyuma. Ukiwatia kwenye maji ya ziwa letu, wanapasuka.

Nilipomweleza mama hayo alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Kumbe kwao sisi ndio tunaoishi mahali pabaya!"

Nadhani kwa sentensi hiyo amewapita wengi wanaobishana kuhusu uhai kwenye sayari nyingine. Huwa tunasema Mirihi haifai kwa sababu tunapima kwa maji ya kunywa. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi za aina ya pakloreti, ambazo huyafanya maji yasigande hata kwenye baridi kali. Zamani huko kulikuwa na maziwa, nayo yalipokauka yaliacha chumvi. Hapa duniani, watafiti wameotesha akea waliokuwa wamefungiwa ndani ya fuwele za chumvi za Death Valley, Marekani, kwa miaka kama 34,000. Kama kuna kitu kiliwahi kuishi Mirihi, mimi ningeanza kutafuta kwenye chumvi. Sisemi kipo. Baridi, mionzi na sumu ya pakloreti yenyewe si mambo madogo.

Jioni mama alipika apoth, akatia magadi kidogo kama kawaida. Magadi ya jikoni ni madini yaitwayo trona, na Ziwa Magadi kule Kajiado limefunikwa na gamba lake. Humo pia mna wapenda chumvi. Mmoja ameitwa Natrialba magadii kwa heshima ya ziwa hilo. Basi sikieni: tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha NASA, OSIRIS-REx, kilileta duniani gramu 121.6 za vumbi na vijiwe kutoka asteroidi Bennu. Januari 2025 wanasayansi wakatangaza kwamba ndani yake, pamoja na asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe wa duniani, wamekuta trona. Yaani maji ya chumvi yalikaukia huko miaka zaidi ya bilioni 4 iliyopita, kama yanavyokaukia Kajiado. Kiumbe hakikuonekana. Ila magadi ya apoth yapo.

Niliacha kijiko nikaiangalia ile sufuria. Mama akaniambia nile, chakula kinapoa.

Siku hizi anakaanga chumvi kwenye sufuria kavu kabla ya kuitumia, kwa sababu joto kali huwaua wale wapangaji, na magunia ameyatoa kwenye chumba chenye joto. Mbuta wa awamu hii bado ni mweupe. Mnunuzi anakuja Alhamisi.