Elfu Mbili na Mia Tatu

Mama aliniambia nivae shati la kola. Nilitoka Migori asubuhi na mapema, nikabadilisha gari Rongo, nikamkuta stage ya Homa Bay akiwa na bahasha ya stakabadhi. Tulikuwa tunaenda kuomba mkopo wa nyumba, majina mawili kwa fomu moja.

Afisa wa mikopo, kijana wa rika langu, akauliza kama tumewahi kukopa. Mama akacheka. Ameuza omena tangu nikiwa mtoto, na kwenye chama chao amekopa na kulipa hadi wenzake wakampa ufunguo wa sanduku.

Kijana akabofya kompyuta. "Mama hana rekodi," akasema. "Huyu wako ndiye anayo."

Mwaka wa 2019, nikiwa kampasi, nilikopa 2,300 kwa simu. Nilipanga kulipa HELB ikiingia. HELB iliingia, sikulipa. Muhula uliofuata nikaacha masomo, nikabadilisha laini, nikadhani deni limebaki na laini ya zamani. Kumbe linafuata kitambulisho. Niliposikia watu wakisema CRB, nilijua ni mambo ya wenye magari. Nikaja kulipa 2023, lakini ukishalipa, alama hiyo mbaya hukaa miaka mitano zaidi. Kanuni za 2020 zilikataza kuripoti deni la chini ya shilingi 1,000. Langu lilipita.

Huko kila mtu ana alama zake. Kwa Metropol zinaanza 200 hadi 900. Sheria inakupa ripoti moja bila malipo kila mwaka. Itisha yako kabla hujavaa shati la kola.

Ya Mama ndiyo ilinikera. Daftari la chama haliendi CRB. Mashine inakumbuka uzembe wangu wa usiku mmoja, na uaminifu wake wa miaka yote hiyo haiuoni. Kijana alimshauri aombe peke yake baadaye, aanze na mkopo mdogo asiouhitaji, ndio aonekane.

Tulirudi stage bila kuongea. Pale kwa mahindi choma akaniuliza, "Nyathina, hizo elfu mbili, ulikuwa na njaa?"

Ningesema ndiyo, na angeamini.

"Nilikuwa nimeweka mkeka, Mama."

Hakunijibu. Alifungua leso, akamlipa makanga nauli yangu hadi Rongo, akasimama hapo mpaka gari likajaa.