Dende Akiugua Ghafla

Katika mtaa wetu wa Nyalukemba, hapa Bukavu, si kila nyumba ina mahali pa kufunga mbuzi. Viwanja ni vidogo, na majani ya kukata hayapatikani karibu. Ndiyo maana wengi wetu twafuga dende, mnyama yule mdogo, ndugu wa mbali wa panya, ambaye vitabu humwita simbilisi na Wafaransa humwita cobaye. Hana mkia, hali nyama, haudhi jirani. Asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka.

Mgeni akiwaona watoto wetu wakimbeba dende kifuani hudhani ni kitu cha mchezo tu. Kweli, watoto humpenda na kumpa jina. Lakini dende ni akiba pia. Mama mmoja hubeba mimba siku 68 hivi, naye huzaa wawili, watatu au zaidi, wenye manyoya tayari na macho wazi. Wakikua, mmoja huliwa, mwingine huuzwa, na daftari za shule hupatikana. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996, ng'ombe wengi wa Kivu ya Kusini waliporwa. Lakini dende aliweza kukimbizwa ndani ya kikapu. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha UEA cha Bukavu, pamoja na wenzao wa shirika la CIAT, walimchunguza mnyama huyu, wakaona jinsi anavyosaidia nyumba za watu wadogo, hasa akina mama na watoto.

Basi, yafaa tujue la kufanya anapougua. Maana dende haugui polepole machoni petu. Asubuhi anakula, jioni amelala ubavu. Wengi husema, «Amerogwa,» au «Amepewa sumu.» Sivyo. Dende ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha udhaifu wake ili adui asimchague. Tunapouona ugonjwa, mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa.

Mwaka jana, katika mvua za mwezi wa Novemba, binti yetu wa pili alikwenda kuwapa majani wanyama wake saba. Desturi ya dende ni kupiga mluzi akisikia tu majani yanakatwa. Asubuhi ile walipiga mluzi watano. Jike mkubwa na mtoto wake mmoja walikuwa wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, pua zinatoa ute, na mbavu zikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Mtoto akaanza kulia.

Jirani yetu, mama mwenye moyo mwema, akaja mbio na kidonge cha amoksisilini. Akasema, «Mama, fungueni hiki, mtie unga wake katika maji, mumnyweshe. Ndiyo dawa iliyomponya mjukuu wangu kifua.» Tulimshukuru, lakini kwanza tukampigia simu mganga wa mifugo. Yeye akajibu upesi: «Msimpe hiyo kabisa. Mleteni hapa, na mleteni katika joto.»

Neno hilo la mganga ndilo twataka kila nyumba ilishike. Penisilini na ndugu zake, yaani ampisilini na amoksisilini, ambazo zimeokoa watu wengi sana, humwua dende. Hapo pana jambo la ajabu. Tarehe 25 Mei 1940, katika mji wa Oxford, Uingereza, mtaalamu Howard Florey na wenzake waliwatia panya wadogo wanane vijidudu vya ugonjwa. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kulipokucha, wale walioachwa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa dawa walikuwa hai. Hivyo njia ya dawa hiyo ikafunguka. Lakini mwaka 1943 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba dende waliopewa penisilini walikufa. Kama kule Oxford wangalianza na dende badala ya panya, huenda wangaliitupa dawa ile.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya utumbo wa dende mna vijidudu vyema vingi vinavyomsaidia kusaga majani. Penisilini huviua hivyo, na kuviachia nafasi vijidudu vibaya, navyo hutoa sumu. Baada ya siku chache mnyama huhara na kufa. Mwenyewe husema, «Ugonjwa umemshinda,» kumbe ni dawa iliyomwua.

Kwa mganga, jike wetu alipimwa uzito kwanza, kwa mizani kama ile ya kupimia unga, maana dawa ya mnyama mdogo hivyo haikadiriwi kwa macho. Akapewa dawa ya namna nyingine, ya jamii ya sulfa, matone machache asubuhi na jioni. Yule mdogo alikufa njiani, mikononi mwa binti yetu. Jike alipona, siku ya nne alipiga mluzi.

Haya ndiyo aliyotufundisha mganga, nasi twayaandika yapate kuwafaa wengine. Kwanza, mtenge mgonjwa, na umwoshe mikono yule anayemshika kabla hajawagusa wazima. Pili, mpe joto: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, iwekwe upande mmoja tu, ili aweze kusogea mbali akitaka. Usimweke penye moshi wa jiko. Tatu, usikubali akae siku nzima bila kula, kwa maana utumbo wake ukisimama, hufa upesi. Ponda majani mabichi na maji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, akiwa amekaa kwa miguu yake. Ukimlaza chali, chakula kitaingia mapafuni. Nne, chukua mavi yake kidogo uende nayo kwa mganga, na umwambie saa ulipoona dalili ya kwanza.

Yako pia mambo ya kuzuia. Dende, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walionyesha jambo hilo mwaka 1907, walipowalisha dende nafaka tupu wakaona wanapata kiseyeye. Kwa hiyo maganda makavu na pumba havitoshi. Apate majani mabichi kila siku, na kipande cha pera kikipatikana. Kibanda kiwe kikavu, na upande wa upepo wa ziwa ufunikwe kwa gunia. Mnyama mpya kutoka sokoni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Hata hivyo liko swali ambalo wengi huuliza, nalo liliulizwa nyumbani kwetu siku ile ile. Fedha ya mganga ilizidi bei ya dende mmoja sokoni. Je, ni akili kulipa zaidi ya thamani ya mnyama? Tulihesabu hivi: hatukumlipia mmoja, tulilipia saba, maana tulijua ugonjwa gani umeingia kibandani na jinsi ya kuwakinga waliobaki. Kama mganga angalisema hakuna tumaini, tungalimwomba ammalize bila maumivu, wala tusingalimwacha ahangaike siku mbili katika kona. Hiyo nayo ni kazi ya mganga.

Tena, mtoto alikuwa anatutazama. Aliyekabidhiwa kiumbe akilishe, naye akaona wakubwa wakikiacha kife kwa sababu ni cha bei ndogo, hujifunza somo ambalo hatutaki alijue. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, andikeni namba ya simu ya mganga wa mifugo ukutani karibu na kibanda leo, wanyama wenu wakiwa bado wazima. Na vidonge vya watu viacheni vibaki kwa watu.